Sukari Katika Finjani ya Baba Kabiri

Filamu ya Rimas ilipotangazwa kuwa ya kwanza, Truphena alitamani kutapika, wala hapa hakuna chumvi iliyotiwa. Mate yalimjaa kinywani, ikambidi aibane ncha ya mtandio kwa meno. Alikuwa ameketi safu ya nyuma kabisa katika ukumbi wa chuo kimoja cha Jeddah, mkono mmoja kaushika mpini wa kiti cha magurudumu. Kitini mlikuwa na mzee aliyekonda akabaki mifupa na kanzu. Mbele yao vijana kama mia mbili, wote wakinukia manukato ya bei, walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Walikuwa wanamshangilia mzee huyohuyo, waliyetoka kumwona kwenye pazia jeupe, kwa jinsi alivyojua kuogopa.

"Huyu mzee anatushinda sote kwa kuigiza," kijana mmoja alimwambia mwenzake, na Truphena, ambaye miaka mitatu ilikuwa imemtia Kiarabu cha kutosha masikioni, alilielewa kila neno.

Mzee hakuwa ameigiza chochote. Ukumbini humo waliolijua hilo walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa jukwaani, tabasamu hadi kwenye masikio, akipokea zawadi.

Truphena alikuwa mtu wa Vihiga. Alikuja Riyadh kwa kazi moja, kumtunza mzee huyo katika nyumba ya binti yake, Madam Hind. Kwenye karatasi kafili, yaani mdhamini wake wa kazi, alikuwa mume wa madam, lakini huyo alionekana nyumbani kwa nadra kama mgeni, na mwenye neno la mwisho alikuwa madam. Mzee aliitwa Bakri. Wafanyakazi walimwita Baba Kabiri, yaani mkubwa wa nyumba, na ingawa ukubwa wenyewe ulikuwa umemtoka zamani, jina lilibaki. Alikuwa karani katika bandari ya Jeddah miaka thelathini na minne. Alisimama gatini na karatasi zake akihakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoshuka melini, na hakuna aliyempitishia gunia mgongoni. Sasa kichwa kilikuwa kimeanza kuvuja. Alisahau kwamba mkewe amekufa, akasahau ni mwaka gani, na kuna siku alimwuliza Madam Hind kwa adabu baba yake ni mtu wa wapi.

Kitu kimoja hakikumtoka: hakupokea chakula kutoka mkono asiouamini. Yaya wa kwanza alitemewa mchuzi, wa pili alirushiwa sahani, wote wawili wakaondoka. Truphena alifaulu kwa sababu ya kahawa. Madam alimsimulia siku moja, kama mtu anayesimulia mambo ya mababu, kwamba kwa Waarabu wa zamani mwenye kumimina kahawa huinywa finjani ya kwanza mwenyewe, ili mgeni aone kwa macho yake kwamba haina neno. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo. Truphena alilichukua akalifanya kazi. Kila alasiri alikaa mbele ya mzee, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, akamimina tone, akanywa polepole huku wakitazamana, kisha akamimina la mzee. Akafanya vivyo hivyo kwa supu, kwa wali, kwa dawa alizozisaga, kijiko cha kwanza yeye, cha pili mzee. Mzee akasema "Tayyib," yaani vizuri, akafungua kinywa. Tangu siku hiyo hakula kwa mkono wa mtu mwingine, na uzito ukamrudia. Truphena alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya maishani, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Sasa huyu Rimas. Alikuwa binti wa Madam Hind, miaka ishirini na mmoja, akisomea filamu Jeddah na kurudi Riyadh kwa ndege kila alipotamani chakula cha nyumbani. Angekuwa msichana mwenye kiburi, mambo yangekuwa rahisi, maana mtu mwenye kiburi unamkwepa. Rimas alikuwa mwema. Alimkumbatia Truphena mlangoni, alimwita Tufi, alimletea mafuta ya mikono na kumwuliza mamake anaendeleaje na magoti. Kwa hiyo alipokuja mwezi wa pili na kukaa juu ya meza ya jikoni, miguu ikining'inia, akasema ana ombi, Truphena alizima jiko amsikilize.

"Ni filamu yangu ya mwisho wa masomo," Rimas alisema. "Nataka kutengeneza noir. Zile za zamani, nyeusi na nyeupe. Vivuli vingi, mvua, mpelelezi mwenye kofia, mwanamke mrembo anayewaponza watu. Katika noir kila mtu ana hatia, Tufi. Hakuna aliye msafi."

"Hata mzee?"

"Mzee ndiye anayeuawa. Sidi atakuwa tajiri, na yaya wake anamtilia sumu kwenye kahawa." Sidi ndivyo watu wa Jeddah wanavyomwita babu. "Na yaya ni wewe."

Truphena alimwuliza kwa nini muuaji awe yaya, asiwe mpwa mwenye tamaa au mwanasheria. Rimas akasema ni mtindo tu. Mtindo, eti. Truphena alikuwa ameishi Riyadh vya kutosha kuwajua wanawake wanaonusa uji wa watoto wao kabla ya kuwapa, kwa sababu mtu fulani alisikia kwa mtu fulani kwamba yaya fulani alifanya hivi na vile. Msichana aliyesoma, mwenye vitabu ukuta mzima, angeweza kuokota uongo wowote duniani, akaokota huo. Truphena aliliona hilo waziwazi, akalimeza. Alilimeza kwa sababu Rimas alisema, "Tena ni wewe tu unayeweza. Finjani yako ndiyo pekee anayoipokea," na akamwonyesha kwenye simu picha ya mwanamke mmoja katika mwanga wa upande, nusu ya uso gizani, na akamwambia nawe utatoka hivi.

Walipiga filamu Jeddah, katika nyumba ya zamani ya mzee. Ni fleti ya ghorofa ya tatu mtaani Al-Baghdadiyah, chini maduka ya vitambaa na simu, ubavuni vyumba vya wafanyakazi, nguo zimeanikwa kila dirisha. Familia haikuwa imeiuza. Madam alibaki Riyadh kazini, akifurahi kwamba baba yake ataonekana kwenye filamu. Danson, dereva wa nyumba, ndiye aliyewapeleka kwa gari pamoja na taa na vyuma vya kamera. Danson alikuwa Mkenya, mtu wa Kitui, mwenye chumba mtaa wa Al-Shumaisi huko Riyadh pamoja na madereva wenzake, na hakuwa na subira na upuuzi.

"Yaani hawa wanalipa chuo wafunzwe giza," alimwambia Truphena wakipandisha taa ngazini. "Kwetu stima inapotea bure, na hakuna mtu anakupatia certificate."

Kulikuwa na mengi ya kucheka siku hizo mbili, na Truphena alicheka. Mpelelezi alikuwa kijana mmoja mnene, mwanafunzi mwenza wa Rimas, aliyevishwa koti la mvua katika joto la Jeddah mpaka jasho likamchuruzika hadi kwenye viatu. Mvua yenyewe ilitoka kwenye mpira wa mwosha magari wa pale chini. Mpelelezi alitakiwa avute sigara, lakini mzee angekohoa, basi wakaweka chetezo cha udi nyuma ya kiti chake, na katika filamu nzima mpelelezi yule anaonekana kama mtu anayeungua mgongoni bila kujijua.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwa la kuchekesha, na Truphena aliliona tangu saa ya kwanza. Katika nyumba ile kichwa cha mzee kilirudi. Alijua swichi ya taa ilipo. Alijua ubao upi wa dirisha umelegea. Meli ilipolia bandarini aliinua kidole akasema hiyo inatoka, haiingii. Riyadh mambo yalimpita kama maji ya bomba, yakaenda. Hapa yalikaa. Mtu yeyote mwenye akili angejua kwamba katika nyumba hii mzee hapaswi kuchezewa.

Walimvika Truphena gauni jeusi, wakamtengeneza nywele, wakampaka rangi midomoni. Rimas aliweka taa moja nje ya dirisha, ikapenya katikati ya mbao na kumchora mistari usoni, kisha akamwita aje ajione kwenye kioo kidogo cha kamera. Truphena alijiona, akakisogelea. Miaka mitatu alikuwa akijitazama kwenye kioo kilichopasuka cha bafu la wafanyakazi, kabla ya kuosha vyombo na baada ya kuosha vyombo. Huyu aliyekuwa kwenye kamera hakuwa ameosha chombo cha mtu. Alimpenda, na alitaka kuendelea kuwa yeye. Heri lisemwe wazi, kwa sababu yote yaliyofuata yalipitia mlango huo.

"Action," Rimas alisema.

Truphena alimimina. Mkono wake, kwa mazoea, ukaipeleka finjani ya kwanza midomoni mwake mwenyewe.

"Hapana, hapana. Usinywe, Tufi. Muuaji hanywi."

Wakaanza upya. Safari hii alimimina bila kunywa, akajigeuza kidogo kuelekea kamera kama alivyofundishwa, akafungua kikaratasi, akamwaga ndani sukari ya unga, ile ya kupambia keki, akakoroga kwa kidole na kumpa mzee. Mzee alitakiwa kuinua finjani tu, basi. Hakuna aliyekumbuka kwamba hakuambiwa, au kwamba aliambiwa na hakuelewa. Lakini macho yake, yaliyokesha miaka thelathini na minne yakitazama mikono ya watu, yaliuona mkono ule. Aliona hakunywa. Aliona kikaratasi. Akainywa kahawa kwa sababu ni Truphena aliyempa, na kahawa ya kwao haitiwi sukari hata siku moja, kwa hiyo ladha aliyoikuta haikuwa ladha aliyoijua. Akaitema kwenye kanzu, akamtazama.

Truphena alijua hapohapo. Alikuwa amelisoma lile paji la uso kwa miaka mitatu kama mtu anavyosoma mawingu, na hakuhitaji kuambiwa.

"Subhanallah," Rimas alinong'ona nyuma ya kamera. "Tena, tena, usibadilishe kitu."

Hapo ndipo pa kusimama. Alitakiwa kuweka dele chini na kusema halas, yaani basi. Badala yake Truphena aliomba kitambaa, akaifuta kanzu ya mzee, akaomba kioo, akafuta rangi iliyomshika jinoni, akarudi mahali pake. Walirudia mara saba. Mara ya tano, alipoona kikaratasi kinafunguliwa tena, alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka kujua ili aombe msamaha, "Binti yangu, nimekukosea nini?"

Hakuna aliyeyaandika maneno hayo. Rimas alilia kwa furaha. Wakarudia mara mbili nyingine kwa tamaa tu, kuona kama atayasema tena, na hakuyasema. Baadaye Rimas aliyafanya jina la filamu.

Waliporudi Riyadh mzee akaacha kula. Siku ya kwanza Truphena alijipa moyo kwamba ni uchovu wa safari. Siku ya tatu alikaa mbele yake alasiri, akamimina, akanywa, akamwonyesha finjani tupu, na mzee akamtazama kwa huruma fulani hivi, akafumba mdomo. Alijaribu supu. Alijaribu wali. Madam Hind mwenyewe alijaribu mtindi, mzee akapokea vijiko viwili kwa heshima ya mgeni, akakataa cha tatu. Alichokubali ni vitu vyenye ganda. Ndizi aliimenya mwenyewe. Yai la kuchemsha alilipasua mwenyewe. Maji aliyanywa kwenye chupa aliyoivunja kifuniko kwa mkono wake, akisikiliza kile kifuniko kikikatika. Mwanadamu haishi kwa ndizi na mayai, hasa mwenye umri ule, na wiki ya tatu mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kuonekana juu ya kanzu. Daktari alisema asipobadilika mwisho wa mwezi watamwingiza mpira puani.

"Ugonjwa umepiga hatua," Madam Hind alisema, akilia jikoni. "Wewe umefanya kila kitu, Truphena. Mungu akulipe."

Maneno hayo yalimkaa Truphena rohoni kama chakula kilichochacha. Alimpigia Rimas simu akamwambia yote, kikaratasi, sukari, macho ya mzee.

"Una hakika?" Rimas aliuliza.

"Nina hakika."

"Tufi, tafadhali, usimwambie mama sasa. Akijua atanilazimisha niitoe ile sehemu, na bila ile sehemu hakuna filamu. Ni wiki mbili tu. Ikishaonyeshwa, wallahi nitamwambia mimi mwenyewe." Akakata simu, na dakika tano baadaye zikaingia picha tatu, Truphena katika mistari ya mwanga, Truphena na finjani, Truphena akitazama pembeni, nzuri ajabu. Unaweza kusema zilikuwa hongo. Rimas hakuzituma kwa nia hiyo, na hilo ndilo lililomchefua Truphena zaidi, kwamba msichana alidhani anampa zawadi.

Na picha ya kwanza, ile aliyopewa siku ya kupiga filamu, ilikuwa imeshafika Vihiga. Dadake Valary alikuwa ameiweka kwenye Wasapu yake. Kina mama wa kanisa walikuwa wamempigia mamake simu kumpongeza, eti Truphena sasa ni staa Saudia. Kumwambia madam ilikuwa ni kuwaambia wote hao kwamba mwanamke yule mrembo, katika picha ileile, alikuwa anamtisha mzee.

"Mwambie madam," Danson alisema. Walikuwa gereji, yeye akifuta vioo vya gari. "Leo. Si kesho."

"Atanirudisha Kenya."

"Akurudishe. Exit visa haijaua mtu. Mzee anakufa na ndizi mkononi, Truphena, na wewe unaangalia." Akaminya kitambaa ndani ya ndoo. "Mimi nilibeba hizo taa. Nikikumbuka najisikia vibaya, na mimi nilibeba taa tu."

Truphena hakusema leo, wala kesho. Alingoja siku tisa. Kila alipoosha uso aliisugua midomo kwa sabuni, ingawa rangi ilikuwa imetoka wiki nyingi zilizopita, na kila alipomaliza alijiona bado mchafu. Alimchukia Rimas, kisha akakumbuka kioo kile cha kamera na namna alivyokisogelea, na chuki ikarudi ikamkalia mwenyewe.

Ndivyo walivyofika kwenye ukumbi ule, madam na mzee na Truphena kwa ndege, maana familia ilitaka mwigizaji awepo. Ikafika ile sehemu. Uso wa mzee ukajaa pazia zima, kila mkunjo, mate ya kahawa kidevuni, na sauti yake ikauliza, Binti yangu, nimekukosea nini? Watu walivuta pumzi kwa pamoja. Madam Hind, safu ya mbele, alijifuta machozi ya fahari. Na kule nyuma, gizani, mzee aliyeitazama filamu hiyo aliuondoa mkono wake kwenye ubavu wa kiti, polepole, akaukunja kifuani, mbali na mkono wa Truphena.

Baadaye mwalimu mmoja alimwuliza Rimas jukwaani alimfundishaje babu yake. "Sikumfundisha," Rimas alijibu, na mpaka hapo alikuwa mkweli. "Nilimpa uhuru. Sidi ni msanii wa kuzaliwa." Makofi tena. Truphena akaiuma ncha ya mtandio.

Kesho yake asubuhi, Al-Baghdadiyah, madam alikuwa anapanga maua ya pongezi mezani. Rimas alikuwa kwenye kochi na simu yake. Truphena alisimama mbele yao akasema kila kitu, kwa Kiarabu chake kilichovunjika, bila kujipunguzia. Alisema alijua tangu mara ya kwanza. Alisema walirudia mara saba.

Madam Hind alimtazama binti yake. "Ni kweli?"

"Mama, ilikuwa sanaa. Sikujua ataendelea kukumbuka. Yeye husahau kila kitu."

"Nimeuliza ni kweli?"

Rimas akaanza kulia. Madam akamgeukia Truphena, na katika uso wake hakukuwa na hasira ambayo Truphena alikuwa amejiandaa kuipokea. Kulikuwa na kinyaa, kile ambacho mtu huwa nacho akikuta kitu kinachotembea ndani ya unga. "Nilikuombea Mungu akulipe," alisema. "Ulikuwa umesimama palepale, ukaitikia amina."

"Ndiyo, madam."

"Unataka nini sasa?"

"Nataka kummiminia kahawa hapa. Lilianzia hapa, pengine litaishia hapa. Akikataa, nitapanga sanduku langu mwenyewe."

Wakamkalisha mzee kwenye kiti kilekile, karibu na dirisha lenye ubao uliolegea. Mchana ulikuwa mweupe chumba kizima, hapakuwa na taa wala mistari. Truphena alivaa gauni lake la kazi. Aliketi chini mbele ya mzee, dele mkono wa kushoto, na alikuwa ameinamisha dele tayari kumimina aliposikia mlio mdogo nyuma yake. Rimas, macho bado mekundu, alikuwa ameinua simu.

"Ni kumbukumbu tu," Rimas alisema. "Kama atakula, itakuwa mwisho mzuri."

Truphena aliweka dele chini, akainuka, akaichukua ile simu kutoka mkononi mwa msichana na kuitia katika mfuko wa gauni lake. Hakuwahi kumgusa mtu wa nyumba ile namna hiyo. "Mafi filamu," alisema, yaani hakuna filamu. "Halas."

Akakaa tena. Akamimina tone, akanywa, akakiinua kidevu ili mzee aone koo likimeza. Akaisuuza finjani, akamimina la mzee, akalishika mbele yake. Mzee hakulipokea. Alimtazama Truphena muda mrefu, nywele, mikono, nguo, kisha akanyoosha kidole kuonyesha kwamba anywe na hilo pia. Truphena akanywa. Mzee akangoja, kama karani anayesubiri winchi ishushe mzigo, aone kama huyu mwanamke ataanguka. Hakuanguka. Akamimina la tatu.

Mzee akaipokea finjani. Kabla ya kunywa aliinama mbele, karibu sana, ili wengine wasisikie, ingawa chumba kizima kilisikia.

"Wewe ni mpya hapa?"

Truphena aliweka dele kando.

"Ni vizuri wamekuleta," mzee alisema. "Yule aliyekuwepo alitaka kuniua. Alikaa nami muda mrefu, mtu mzuri, nilimhesabu mwanangu. Kisha akanitilia kitu." Akatikisa kichwa. "Trufina. Aliitwa Trufina. Walimfukuza?"

Miaka mitatu Truphena hakuwahi kumsikia mzee akilitaja jina lake. Alikuwa ameamini halijui. Jina la binti yake mwenyewe lilikuwa limemtoka, la marehemu mkewe alikuwa akilitafuta kila asubuhi, na hili la mtu wa Vihiga alikuwa nalo muda wote, amelihifadhi. Madam Hind alikuwa ameuziba mdomo kwa mkono. Truphena alimtazama kuomba ruhusa, na madam akafumba macho.

"Walimfukuza, Baba," Truphena alisema. "Amekwenda kwao."

"Asirudi."

"Hatarudi."

"Na wewe unaitwa nani?"

Akataja la kwanza lililomjia, jina la mamake. "Magdaline."

Mzee alilirudia mara mbili ili alishike, akainywa kahawa yote, akasema ana njaa. Truphena akaleta wali na kuku na kijiko kimoja, akaonja, akampelekea. Mzee alikula mpaka akaimaliza sahani, na kwa kila kijiko alisema, ahsante, Magdaline, Mungu akuweke.